Nani Anazigusa Risasi Zangu?

Jumamosi, 9 Agosti

Moshi tu. Misitu inaungua upande wa Idaho, na sisi wa Montana ndio tunaokohoa. Sijauona mlima tangu Jumatano.

Nimeanza kuandika kwa sababu msimu huu una jambo. Binti yangu Marit amepata kibali cha kuwinda elki dume katika kitalu cha Sorrel, kule juu ambako elki, hawa kulungu wetu wakubwa, wanazeeka kwa raha kwa kuwa watu wachache wanaruhusiwa kupanda. Vibali vya kule ni bahati nasibu. Marehemu mume wangu, Orval, aliomba kila mwaka mpaka akafa na hakupata hata mara moja. Marit kaomba, kapata. Aliponionyesha kwenye simu nililia, kisha nikamwambia avue viatu, maana alikuwa ananijazia matope jikoni.

Bunduki itakuwa ile ya baba yake. Risasi nitazishindilia mimi, kama nilivyomshindilia Orval. Nyumba hii hainunui risasi dukani, kama isivyonunua pai.

Jumapili, 17 Agosti

Siku yangu ya kuzaliwa. Keki kaoka Tobin, na ilikuwa tamu, jambo lililoniudhi.

Tobin ni mume wa Marit. Mtoto wa mjini, wa Cleveland. Kiwanda alichofanyia kazi kilifungwa, na tangu Aprili wanakaa chumba changu cha juu. Simchukii. Ila hawezi kuona kitu kimetulia bila kukigusa. Anafuta vumbi ambalo halipo. Amepanga chupa zangu za viungo kwa urefu. Vikombe vyote kabatini sasa vimegeuza vishikio upande mmoja, kama askari. Na anaongea kwa sauti ya chini, nikimwambia arudie, anarudia kwa sauti ile ile.

"Mama, si uvae vile vifaa vyako vya masikio?" Marit akasema.

Viko kwenye droo ya vijiko na vitakaa huko huko. Nikivivaa nasikia friji ikipumua.

Zawadi ya Tobin ilikuwa maganda mapya ya risasi, boksi zima, ya saizi ya bunduki ya Orval. Kayanunua kwa hela za kupasua kuni za watu.

"Muuzaji anasema haya ni manene kuliko yako ya zamani, Mama," akasema. "Hayapasuki upesi."

"Muuzaji atasema nini kingine?"

Lakini kweli niliyahitaji. Ya zamani yameanza kupasuka shingoni. Nikamshukuru inavyopasa.

Jumapili, 24 Agosti

Leo nimeshindilia risasi za Marit. Akiyasoma haya siku moja ajue nilifanyaje. Fataki, kidude kinachowasha baruti, kwenye kitako cha ganda, baruti ndani, kisha kichwa cha risasi mdomoni mwa ganda. Navuta mkono wa mashine, na kalibu, kile chuma kilichofungwa juu ya mashine, inakisukuma kichwa kizame mpaka ninapotaka kikae. Hapo ninapotaka ndipo penye kazi yote. Vichwa vikizama kwa vina tofauti, bunduki itatawanya risasi kama mtu anayelisha kuku.

Napima kwa kalipa, lile koleo la kupimia urefu, na sipimi kwenye ncha, kwa sababu ncha za vichwa hazijawahi kulingana tangu dunia iumbwe. Napima pale begani, ambapo kichwa kitakuja kukutana na mifereji ya ndani ya mtutu. Bunduki ya Orval hupenda kichwa kikae karibu na mifereji bila kuigusa. Naiachia nafasi ya nukta kumi. Nukta ni inchi uliyoikata vipande elfu. Unywele wangu, ambao ni mwembamba siku hizi, ni nukta tatu.

Baruti ni kipimo cha Orval. Alikiandika kwa penseli ukutani, juu ya mashine, na hakiguswi.

Zote zimelingana. Mkono wa mashine ulikuwa mzito kidogo kule mwishoni, nadhani shingo za maganda mapya zinabana. Nimezisimamisha kwenye boksi, ncha juu, na nikaenda kula nikiwa mtu mwema.

Jumapili, 31 Agosti

Nimepima tena kabla ya kufunga boksi. Ya kwanza imezidi nukta nne. Ya pili, saba. Mbili hazijabadilika, inayofuata imezidi tisa.

Wiki iliyopita zililingana. Nilizipima mimi, kwa mkono huu.

Jumatatu, 1 Septemba

Nimezirudisha zote kwenye mashine na kuzizamisha upya. Zimelingana. Basi.

Alhamisi, 4 Septemba

Si basi. Zimerefuka tena.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimebadilisha betri ya kalipa. Nimeipima kalipa yenyewe kwa kile kipande cha chuma ambacho urefu wake unajulikana. Kalipa haina kosa. Nimekaza kila skrubu ya kalibu mpaka vidole vikauma. Nimezamisha upya.

Jumanne, 9 Septemba

Zimerefuka.

Jumapili, 14 Septemba

Nimemkuta Tobin karakanani, kwenye meza yangu ya kushindilia. Ameshika boksi langu mkono mmoja na kitambaa mkono mwingine.

"Unafanya nini humo?"

"Vumbi, Mama. Nilikuwa naifuta hii meza tu."

"Umezigusa?"

"Boksi tu. Nimelisogeza."

"Umezigusa risasi?"

"Mama, nizigusie nini? Hata sijui zinavunwa au zinaoteshwa."

Alitaka nicheke. Sikucheka. Katika watu wetu unaweza kuchukua gari la mtu bila kuuliza ukarudisha likiwa na mafuta, na hakuna ugomvi. Meza ya mtu ya kushindilia huigusi. Orval na mimi tulilala kitanda kimoja miaka arobaini na hakuwahi kugusa kalibu yangu, wala mimi yake.

Jumatatu, 15 Septemba

Mvua ya kwanza. Moshi umekaa chini. Nimeweka kufuli mlangoni mwa karakana. Tobin ameliona wakati anatoa takataka, akalitazama, akaenda zake.

Jumamosi, 20 Septemba

Uwanja wa shabaha na Marit. Aibu. Risasi zake zimetawanyika kwenye karatasi, na huyu ni mtoto aliyekuwa akipiga vifuniko vya soda akiwa na meno ya utoto. Komeo la bunduki, lile linalofunga risasi ndani, pia lilikuwa gumu kufungua baada ya kila mlio. Ilibidi alipige kwa kiganja.

Rulon, anayesimamia uwanja, akaja na kikombe chake cha kahawa kutazama.

"Ardith, hizi kashindilia nani? Yule mkweo wa Cleveland?"

Watu wakacheka. Nikacheka nao, na moyoni nikasema, Rulon, hujui ulivyokaribia. Kikulacho ki nguoni mwako.

Njiani nikamuuliza Marit kama mumewe ameipaka bunduki mafuta.

"Aliipangusa tu, Mama, kwa nje."

"Ndiyo maana komeo gumu."

"Mama."

"Nasema tu."

"Hata risasi zikitofautiana unywele, elki hatajua."

"Mimi nitajua," nikamwambia.

Jumapili, 28 Septemba

Nimetega mtego. Nimezizamisha upya, nimefunga boksi, na kwenye kifuniko nimebandika uzi mwembamba wa kushonea kwa tone la gundi. Akifungua, uzi utakatika. Kufuli na uzi. Tuone.

Ijumaa, 3 Oktoba

Uzi haujakatika. Risasi zimerefuka.

Nimekaa kwenye stuli mpaka kahawa ikapoa. Kufuli liko. Uzi uko. Kwa hiyo huyu kijana ana ufunguo, na ameutoa uzi, akaubandika tena mahali pake. Ni mjanja kuliko nilivyomdhania. Na kwa nini? Labda hataki Marit aende. Labda anaona vibaya mkewe anawinda naye hawezi. Sijui. Mtu anayegeuza vishikio vya vikombe anaweza kufanya lolote.

Jumapili, 12 Oktoba

Theluji kidogo milimani, mstari mweupe juu tu. Marit amepiga simu kazini kuomba ruhusa ya siku za ufunguzi. Tobin amepika supu ya maharage na kuniwekea bakuli kubwa kuliko lake. Nikala, nikimtazama.

Jumamosi, 18 Oktoba

Zimerefuka.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimezizamisha kwa mara ya mwisho. Zimelingana kama watoto wa bata. Nimeziweka chumbani kwangu, chini ya kitanda, karibu na bomba la joto ili zisipate unyevu. Chini ya kitanda changu! Mtu mzima nalala juu ya boksi la risasi kwa kumwogopa mkwe.

Ijumaa, 24 Oktoba

Kesho ufunguzi. Nimeoka, nimejaza chupa za kahawa, nimefunga sandwichi za soseji. Nilitaka kupima tena nikaona hapana. Nimechoka kupima. Mwenye kupima kila saa hamalizi kitu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nataka niandike kila kitu kama kilivyotokea, maana kesho nitataka kujitetea.

Tulipanda watatu kabla hakujakucha. Marit na bunduki, mimi na darubini, Tobin na begi kubwa la kubebea nyama, kwa sababu Marit alisema kama mumewe haendi naye haendi. Theluji ilifika kwenye vifundo vya miguu. Kulipopambazuka Marit akaingiza risasi bunduki ikawa tayari. Komeo lilikuwa gumu kufunga. Nililiona bega lake likisukuma, nikadhani ni baridi.

Ukungu ukatukalia. Tukangoja kwenye miamba, hatuoni hata miti. Tobin alinimiminia kahawa yangu kabla ya yake. Ukungu ulipoanza kupanda, Marit akasema tushuke kwenye uwanda wa nyasi ulio ng'ambo ya ule uzio wa senyenge.

Hapa kwetu huvuki uzio na bunduki yenye risasi ndani. Mtoto anafundishwa hilo kabla ya kufundishwa kuendesha gari. Unafika kwenye uzio, unatoa risasi, unampa mwenzako bunduki ikiwa tupu, unavuka. Marit alifanya hivyo hivyo. Akalivuta komeo, likagoma, akalipiga kwa kiganja, likafunguka. Ganda likatoka peke yake.

Kichwa kilibaki ndani ya mtutu. Baruti yote ikamwagika ndani ya bunduki kama pilipili manga, kwenye komeo, kwenye sanduku la risasi, kila mahali. Marit aliushika ule mdomo mtupu wa ganda, akanitazama.

"Mama?"

Nilijua mara moja kilichotokea. Kichwa kilikuwa kimetoka nje ya ganda mpaka kikaziba ile nafasi niliyoacha, na komeo lilipofungwa likakikaza kwenye mifereji kama kizibo.

Hapo ndipo Tobin, aliyekuwa ameshavuka uzio na begi lake, aliponyoosha kidole polepole. Ukungu ulikuwa umenyanyuka. Kwenye ukingo wa miti ya majani ya dhahabu alisimama elki dume. Sijawahi kumwona mkubwa hivyo, na nimekaa milima hii tangu nizaliwe. Pembe zake aliziegemeza nyuma, anakula kwa utulivu, mvuke unamtoka puani. Alikuwa karibu kiasi kwamba hata mimi ningempiga. Marit alisimama na bunduki ya baba yake, ambayo wakati huo haikuwa na kazi zaidi ya fimbo, na machozi yakamshuka bila sauti.

Elki alikula mpaka akashiba. Kisha akaingia kwenye miti kama mtu anayerudi chumbani kwake.

Nikamgeukia Tobin. Sitayaandika yote. Nilimwambia mwizi. Nilimwambia ana ufunguo wa kufuli langu. Nilimwambia kama hakuweza kushika kazi yake mwenyewe, asije kuharibu ya wengine. Hilo ndilo lililotoka baya kuliko yote, na nilipolisikia likitoka sikulirudisha.

Tobin alipanda juu ya uzio, akarudi upande wetu, akaichukua bunduki kutoka mikononi mwa mkewe ili Marit aweze kujifuta uso.

"Mama ametosheka?" Marit akamuuliza yeye, si mimi. Kisha akanigeukia. "Mama, ile kazi ya Spokane aliyopewa Tobin, tulikuwa tunaikataa. Kwa ajili yako. Ili usibaki peke yako kwenye nyumba ile. Msimu ukiisha tunaondoka."

Tulishuka bila mtu kufungua chupa ya kahawa.

Jumapili, 26 Oktoba

Marit na Tobin wamekula juu, chumbani kwao.

Jumatatu, 27 Oktoba

Marit kaenda kazini. Kichwa bado kiko ndani ya mtutu, na kukitoa kunahitaji watu wawili, mmoja kushikilia bunduki na mwingine kugonga kwa fimbo ya shaba kutoka mbele. Nilitafuta njia ya kufanya peke yangu. Haipo. Nikafungua kufuli, nikaenda kusimama chini ya ngazi.

"Tobin. Nahitaji mikono."

Akashuka. Alishikilia, nikagonga, kichwa kikatoka. Nikamwambia asante, akaitikia kwa kichwa, akafika mlangoni akasimama hapo. Sikumfukuza. Nilikuwa na maganda mawili yenye fataki na baruti tayari, nikataka kuona kwa macho yangu kalibu inakosea wapi. Nikaweka kichwa, nikavuta mkono.

"Huo mlio ni wa nini, Mama?"

"Mlio gani?"

"Huo uliolia sasa hivi."

"Hakuna kilicholia."

"Kimelia. Kama mtu anatafuna punje za mahindi makavu."

Nikamwambia asimame hapo hapo, asiguse kitu. Nikaenda jikoni, nikafungua droo ya vijiko, nikavichomeka vile vifaa masikioni. Friji ikapumua. Nyayo zangu mwenyewe zikanishtua. Nikarudi, nikaweka ganda jingine, nikavuta mkono polepole.

Krrch.

Kila anayeshindilia risasi anaujua mlio huo. Mwanafunzi anaujua. Ni baruti inalia kwa kubanwa, kwa sababu ganda limejaa na kichwa kinaikandamiza. Na baruti iliyokandamizwa haisahau. Inakisukuma kichwa kidogo kidogo, leo nukta mbili, kesho nukta tatu, kama unga uliotiwa hamira unavyonyanyua kitambaa. Hakuna kufuli litakaloizuia, wala uzi.

Nilichukua ganda moja la Tobin na moja la zamani, yote matupu, nikayaweka kwenye mizani. La Tobin zito. Nene, kama alivyosema muuzaji, na lililo nene nje si pana ndani. Kipimo cha Orval kilikuwa cha maganda ya Orval. Komeo gumu kule uwanja wa shabaha lilikuwa linanipigia kelele jambo hilo hilo, kwamba nguvu ya baruti imezidi ndani ya ganda, nami nikasema ni mafuta. Yeyote aliyebadilisha ganda anaanza na baruti ndogo na kupanda taratibu. Nimewafundisha watu hilo. Sikulifanya kwa sababu ya mwandiko wa penseli ukutani.

Na mtu pekee ndani ya nyumba hii mwenye masikio mazima, nilimfungia nje kwa kufuli.

Tobin si mjinga. Aliitazama mizani muda mrefu.

"Kwa hiyo ni maganda yangu," akasema.

"Hapana."

"Ni mimi niliyekuletea, Mama."

"Maganda ni mazuri. Kosa ni kichwa changu na masikio yangu. Ulinieleza ni manene siku ile ile uliyonipa. Ulinieleza mezani, na keki mdomoni."

Nilimwona anataka kutabasamu na anajizuia. Nikachukua penseli, nikakigeukia kipimo cha Orval ukutani.

"Unakifuta?" akauliza.

"Sikifuti. Naandika kingine chini yake."

Jioni, wakati wa kula, niliweka uma chini nikamwomba radhi mbele ya Marit, kwa kuwa nilimtukana mbele ya Marit. Nilitaja kila neno nililomwambia kule juu, hata lile la kazi, ili isije kuonekana naomba radhi kwa jumla jumla. Tobin alisema yamekwisha. Marit aliushika mkono wangu.

"Nimekusamehe, Mama," akasema. "Lakini Tobin ameshawajibu watu wa Spokane. Alikubali jana."

Nikasema vizuri, kazi ni kazi. Kisha nikaosha vyombo, na kwa vile vifaa masikioni kila sahani ilikuwa inapiga kelele.

Jumamosi, 1 Novemba

Tumeng'oa vichwa, tumemwaga baruti, tumeanza upya kwa kipimo kidogo. Navuta mkono, Tobin anasikiliza, hata kama na mimi sasa nasikia.

"Imelia?"

"Kimya."

"Hakika?"

"Mama, kimya kama wewe ukiwa umenuna."

Uwanjani komeo lilifunguka kwa vidole viwili. Marit aliweka tatu kwenye tundu moja. Rulon alikuja na kikombe chake, nikamwambia, "Ndiyo, kashindilia mkwe wangu wa Cleveland," na nikamwangalia mpaka akaenda.

Mbili tumezisimamisha dirishani jikoni, ncha juu, za kuchunguza kama zitarefuka. Tobin anazipima kila asubuhi kabla ya kahawa. Nimemwachia kalipa. Sikuwahi kumwachia mtu kalipa.

Jumanne, 4 Novemba

Za dirishani hazijasogea.

Jumapili, 9 Novemba

Tulipanda. Hakuna kitu. Za dirishani hazijasogea.

Jumapili, 16 Novemba

Upepo tu. Tulimwona jike na ndama. Kibali ni cha dume.

Jumapili, 23 Novemba

Mafua. Marit na Tobin wamepanda bila mimi, wamerudi mikono mitupu, nyuso nyekundu, wanacheka jambo lililotokea nisipokuwepo. Imebaki wiki moja ya msimu. Juu nasikia masanduku yakiburutwa. Kabla sikuwa nasikia mambo hayo.

Alhamisi, 27 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga, viazi vya kupondwa, pai mbili. Tulizunguka meza kila mtu akisema anachoshukuru. Tobin alishukuru kwamba kufuli limetolewa. Nilimrushia kipande cha mkate.

Niwe mkweli hapa ambapo hakuna anayenitazama: sitaki waondoke. Ningetaka kuwaambia bakini. Lakini ukimwambia mtu abaki baada ya kumtukana, unamwomba alipe yeye.

Jumamosi, 29 Novemba

Siku moja kabla ya msimu kufungwa. Theluji ya magotini, jua kali, baridi ya kuuma meno. Tulifika kwenye uzio ule ule. Marit alilivuta komeo, nami nilishika nguzo ya uzio kwa mikono miwili.

Risasi ikatoka nzima, na kichwa chake. Ikaanguka kwenye theluji, Tobin akaiokota, akaifuta.

"Nipe," Marit akasema.

"Ngoja kwanza ivuke yenyewe," Tobin akasema, na alikuwa ameshavuka nayo.

Dume hakuwa yule wa Oktoba. Alikuwa mdogo wake, tuseme, na pembe za kutosha. Alitoka kwenye miti akapanda mteremko ng'ambo ya kijito. Marit alilala kwenye begi la Tobin, akavuta pumzi, akaitoa nusu. Mlio mmoja. Elki akapiga hatua chache, akapiga magoti, akalala ubavu.

Marit alibaki amelala pale uso kwenye theluji. "Baba," akasema. Sikuwa na haja ya kumwambia arudie.

Tulibeba nyama mpaka jua likazama, Tobin mara mbili zaidi ya sisi. Hakugusa kitu ambacho hakuambiwa. Nilimwambia aguse.

Jumapili, 7 Desemba

Wameondoka asubuhi. Nimewapa nusu ya nyama na boksi la risasi, ingawa Tobin hana bunduki. Alisimama jikoni akavigeuza vishikio vya vikombe mara ya mwisho, akaona namwona, akaacha.

Gari nililisikia mpaka daraja la chini. Zamani ningelipoteza getini.

Jumapili, 14 Desemba

Theluji. Nimepima za dirishani, halafu simu ikalia. Ilikuwa Spokane, na haikuwa Marit.

"Mama, zimesogea?"

"Hazijasogea."

"Hata nukta?"

"Hata nukta. Ulitaka nini, ziote majani?"

Akacheka kwa ile sauti yake ya chini. Kisha akauliza kama nimevaa vifaa vyangu vya masikio, au naitikia kwa kubahatisha tu.

"Nisingevaa ningekusikiaje wewe, unayeongea kama panya kabatini?"

"Basi nitapiga tena Jumapili, Mama. Uzipime kwanza."

Nimevirudisha vikombe kabatini. Vishikio vyote vinatazama upande mmoja.